Kaimati za Shughuli: Mwongozo kwa Mwenye Nyumba Asiyetaka Aibu

Mwenye shughuli anayechoma kaimati saa nne asubuhi kwa wageni wa saa kumi na moja jioni hajapika kaimati. Kapika kokoto za sukari. Nalisema hili kabla hata mfuko wa unga haujafunguliwa, kwa sababu makosa mengine yote ya kaimati yana dawa. Unga ukiwa mzito utaongezwa tui, shira ikiwa nyepesi itarudishwa motoni, mafuta yakichachamaa utapunguza moto. Kaimati iliyolala haiamki. Ganda lake hukaa na ukakamavu saa chache tu, kisha unyevu wa ndani unatoka na kulilegeza, na baada ya hapo yote inakauka, ndani na nje. Mgeni ataitafuna kwa heshima, atakuambia "ahsante, tamu sana," na nyingine hataigusa.

Kwa hiyo mwongozo huu wote unazunguka jambo moja: fanya kila kitu mapema, ila kuchoma. Kuchoma kuwe mwisho, wageni wakiwa wameshavua viatu mlangoni na harufu ya iliki imeshawafikia.

Tuanze na hesabu, maana ndiko wenye shughuli wengi wanakoumbuka. Nusu kilo ya unga wa ngano hutoa kaimati ndogo zinazokaribia sitini. Mgeni mmoja mhesabie tano. Anayesema "mimi moja tu inanitosha" mhesabie tano vilevile, na ikiwezekana mkalishe karibu na sinia ili asihangaike kunyanyuka. Kwa wageni hamsini, basi, kilo mbili na ushei. Halafu ongeza robo kilo ya wezi wa jikoni, ambao nitawafikia.

Vitu vyenyewe havina siri. Kwa kila nusu kilo ya unga weka hamira ya chenga kijiko cha chai kimoja na nusu, sukari vijiko viwili vya chakula, chumvi kidogo, iliki iliyosagwa siku hiyohiyo, na tui la uvuguvugu karibu nusu lita, ukilimimina kidogo kidogo. Tui liwe la pili, jepesi. Kasimile, lile tui zito la kwanza, iache kwa ajili ya mchuzi wa samaki, kwa sababu mafuta yake mengi huulemeza unga. Wengine hutia mtindi, wengine maziwa, na kaimati zao huliwa. Ila atakayekuletea bekingi pauda badala ya hamira, akidai ni haraka zaidi, mshukuru, kisha mpe kazi ya kupanga viti. Kaimati bila hamira haina ule uwazi wa ndani wala ile harufu ya unga uliochachuka vizuri, na shughuli yenyewe umeipanga miezi mitatu. Saa moja ya kusubiri unga itakushindaje?

Sasa kupiga unga, na hapa naomba tukae.

Unga wa kaimati haukandwi, unapigwa. Ni mwepesi kuliko wa maandazi na mzito kuliko wa chapati za maji, na ukiunyanyua kwa mkono unaning'inia kidogo kabla ya kuanguka. Kaa chini, au simama mbele ya meza isiyoyumba, beseni libane. Vidole vinashikana, kiganja kinaingia ukingoni, kinachota unga kutoka chini kabisa, kinaunyanyua na kuuachia uanguke kwa kishindo. Mwanzoni unakatikakatika, unang'ang'ania vidole, na madonge yanakuangalia bila haya. Dakika ya tano unaanza kuvutika. Karibu na dakika ya kumi unanyanyuka wote kwa pamoja, unang'aa, na unasikia mlio umebadilika: kile kishindo kikavu cha mwanzo kimekuwa "pwa, pwa" ya kitu chenye hewa ndani. Kwa juu vinatokea vipovu vinavyopasuka vyenyewe. Hapo ndipo protini za ngano zimeungana na kufanya wavu, na wavu huo ndio utakaoishika hewa inayotolewa na hamira. Unga usiopigwa hauna wavu, hewa inajiendea zake, na kaimati inatoka imejaa unga hadi katikati.

Kilo mbili za unga ni mzigo kwa mkono mmoja. Bahati nzuri kila ukoo siku hizi una kijana au wawili wanaobeba vyuma jimu na kuvaa fulana za kubana. Waite. Mikono ile imejengwa kwa gharama kubwa na familia nzima imeisubiri kwa hamu. Mmoja apige dakika tano, ampokee mwenzake, na bibi akae pembeni akisimamia. Bibi akisema "bado, mwanangu," ni bado, hata kijana awe na misuli ya kuvuta jahazi.

Unga ukishaiva kwa kupigwa, ufunike kwa kitambaa na uuweke pasipo upepo. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa la mwezi wa Januari huumuka kwa dakika arubaini na tano hivi. Mwezi wa Julai, upe saa moja au zaidi. Ukiwa umejaa mara mbili ya ulivyokuwa na juu umetoboka matundu, uko tayari, na kuanzia hapo usiupige tena. Hewa uliyoitolea jasho utaitoa mwenyewe.

Tatizo ni kwamba unga una saa yake na wageni wana yao. Kadi imeandika saa kumi na moja. Shangazi wa Tanga atafika saa kumi, kukagua. Waliobaki wataanza kuingia saa kumi na mbili na nusu, na mzungumzaji mkuu saa moja, akiwa ameshika simu sikioni. Unga ulioachwa kwenye joto muda wote huo huchachuka kupita kiasi: unanuka ukakasi, unalegea, na kaimati zake hazijiviringi. Dawa ni friji. Baridi huipunguza kasi hamira, kwa hiyo unga ukikaribia kuumuka na barabarani hakuna dalili ya mtu, uingize ndani, uutoe robo saa kabla ya kuwasha moto. Asiye na friji aanze kupiga unga pale mgeni wa tatu anapoketi. Wa kwanza na wa pili ni ndugu, hawahesabiwi.

Wakati unga unaumuka, pika shira, na hapa lazima uchague upande. Nyumba za pwani zimegawanyika katika jambo hili na hakuna mkutano utakaozipatanisha. Wapo wanaotaka kaimati iogelee kwenye shira ya maji, itoke inadondoka, ukiiuma ikumwagikie kidevuni. Wapo wanaotaka shira iigandie kaimati, ikauke, iwe nyeupe kama vumbi la chokaa na ivunjike mdomoni kabla ya kufika kwenye unga. Mimi niko upande wa pili, na kwa shughuli sababu ziko wazi: sinia linapita mbele ya watu hamsini wakiwa wamevaa kanzu nyeupe na madera ya kushonesha. Ukichagua shira ya maji, nunua tishu za kutosha na usikae karibu na bwana harusi.

Shira hizi mbili hazitofautiani kwa uzito tu, na wengi hulikosea hili kwa ndimu. Vikombe viwili vya sukari kwa kikombe kimoja cha maji, zote huanza hivyo. Kwa shira ya maji unakamulia ndimu, kwa sababu asidi yake huigawa sukari kuwa glukosi na fruktosi, na hizo mbili huizuia sukari isigande. Inabaki laini, inang'aa, na hupiki muda mrefu. Kwa kaimati za kukausha ndimu ni adui. Unataka sukari igande, tena kwa haraka, kwa hiyo usiisogeze ndimu hata karibu na jiko. Utaona mtu katia ndimu kwa mazoea, halafu anakoroga kaimati nusu saa akisubiri zikauke, anailaumu sukari, anamlaumu muuza duka, anaulaumu mwezi.

Shira ya kukausha ipike mpaka ivute uzi. Chota kidogo kwa kijiko, iache ipoe, kisha ibane kati ya kidole gumba na cha shahada na uvitenganishe. Ukitokea uzi mmoja usiokatika mara moja, imefika. Naomba tena: iache ipoe kwanza. Shira ya hatua hiyo imepita nyuzi joto 105, ina moto kuliko maji yanayochemka, na inang'ang'ania ngozi. Iliki na zafarani ziingie inapochemka. Maji ya waridi yaingie moto ukishazimwa, la sivyo manukato yote yatakwenda kwa jirani.

Sukari nunua mapema. Kwa kilo mbili za unga utatumia karibu kilo moja na nusu ya shira peke yake, ukiacha ya chai. Walioshughulika Tanzania mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zilipovuruga kazi za viwanda vya sukari na bei ikapaa, hawahitaji kuelezwa. Kuna sherehe zilizofanyika mwaka ule kwa kaimati zilizopakwa shira kwa brashi, na waliokula wanalisimulia jambo hilo hadi leo.

Tumefika kwenye karai. Mafuta yawe na kina cha vidole vinne, yapate moto wa wastani, na uyajaribu kwa tone la unga. Likizama na kubaki chini, bado. Likipanda papo hapo na kuwa jeusi, umezidisha. Likizama kidogo, likapanda limezungukwa na vipovu vidogo vyenye haraka, anza. Mwenye kipimajoto atafute kati ya nyuzi 170 na 180. Mafuta ya baridi hunywewa na unga, na mgeni akiishika kaimati hiyo vidole vinang'aa. Mafuta makali hubabua ganda wakati ndani ni uji.

Sasa mkono. Lowesha wa kushoto kwa maji, uukung'ute, uchote unga, ukunje ngumi taratibu. Unga utachungulia juu, kati ya kidole gumba na cha shahada, ukiwa umeshajiviringa. Mkono wa kulia una kijiko kilichochovywa kwenye mafuta. Kipitishe chini ya kile kidonge, ukikate, ukitelezeshe kwenye karai. Ngumi, kijiko, karai. Ngumi, kijiko, karai. Aliyezoea hujaza karai kabla ya cha kwanza kupata rangi, na macho yake yako kwenye mazungumzo ya jirani aliyehama. Kwa mgeni wa kazi hii, vidonge vitatu vya mwanzo vitakuwa na mikia. Vile, vichome vizuri kama vingine. Vina ladha ileile na watoto huvipenda zaidi kwa sababu vina pa kushikia.

Telezesha kidonge ukiwa karibu na mafuta. Wanaoogopa hurusha kutoka mbali, na wanaorusha kutoka mbali ndio wanaorukiwa. Kuna wanaokamulia unga kutoka kwenye mfuko wa plastiki uliokatwa ncha, juu ya mvuke wa mafuta yanayochemka. Plastiki huyeyuka. Tumia mkono au vijiko viwili.

Kaimati zikishaelea, usiziache. Zizungushe kwa kijiko cha matundu bila kupumzika, uzimwagie mafuta mgongoni, zipate rangi moja pande zote. Usizidishe idadi, kwani kila kidonge kinachoingia kinapooza mafuta, na karai lililojazwa kwa tamaa linageuka kuwa bafu la uvuguvugu. Dakika tano hadi saba kwa moto wa wastani zinatosha. Rangi tunayotaka ni ya asali ya nyuki wadogo, si ya mlango wa mninga.

Na kuhusu moto, hapa hakuna utani hata kidogo. Mafuta yakishika moto, zima gesi, funika karai kwa mfuniko mpana, ondoka, uache yapoe. Maji yasiguse. Yakiingia kwenye mafuta yanayowaka hugeuka mvuke papo hapo na kuyarusha yakiwa na moto wake hadi darini. Watoto wasipite nyuma ya mchomaji, na mchomaji asivae dera la mikono mipana siku hiyo.

Zikitoka, zichuje mafuta na uziingize kwenye shira zingali moto. Za maji zikae dakika moja tu humo, kisha utoe. Za kukausha, shira iwe imeshaepuliwa. Zimwage ndani, shika sufuria kwa mkono mmoja na mwiko kwa mwingine, uzipindue bila kusimama. Kwanza zitang'aa. Baadaye utaona ukungu, shira inakuwa nzito na kuvuta mwiko, halafu ghafla zinaanza kugongana kwa mlio mkavu na weupe unaenea. Acha hapohapo na uzimwage kwenye sinia pana. Ni kazi ya dakika tatu nne, na ndiyo sehemu ya upishi huu ninayoipenda kuliko zote.

Mlio huo ndio pia unaowaita wezi.

Wa kwanza ni mtoto. Huja amenyooka, mikono nyuma, na ujumbe ameshaukariri.

"Mama mdogo, shikamoo. Ami kasema nimletee kaimati mbili za kuonja kama sukari imekolea."

"Marahaba. Ami yupi?"

"Ami."

"Mwambie ami imekolea."

Baada ya dakika tano atarudi na ujumbe wa ami mwingine. Nyuma yake atakuja wifi kuulizia chumvi akiwa na sahani mkononi, kisha jirani aliyepita tu kusalimia. Usigombane na yeyote. Weka bakuli la wezi karibu na mlango wa jikoni, ujaze zile zenye mikia na zilizobabuka kidogo, na kila anayekuja achukue bila maelezo. Ile robo kilo tuliyoongeza kazi yake ni hii. Nyumba isiyo na bakuli hili hupoteza kaimati nyingi zaidi, tena zile za duara kamili.

Sinia lisifunikwe kwa mfuniko wa sufuria. Mvuke utarudi chini na ganda litalegea. Kawa ndilo linalofaa, kwani hewa hupita. Wala usitoe zote kwa mkupuo. Zitoke kwa mawimbi, sinia moja likiwa ukumbini, jingine jikoni likikaushwa. Chai ya rangi yenye tangawizi au kahawa chungu vitangulie, visifuate. Na kabla hujatoa sinia la kwanza, mtume mtu akasikilize mzungumzaji amefika wapi. Akiwa amesema "kwa kumalizia," subiri robo saa. Akianza kuwashukuru wanakamati wa chakula kwa majina, beba.

Kwenye sinia hilo yataibuka mabishano ya kaimati ni za nani. Mmombasa atasema ni zao, Mzanzibari atacheka, na binamu aliyekuja likizo kutoka Muscat, ambako Kiswahili hakijatoka kwenye nyumba za waliohamia kutoka Zanzibar, atasema kwao zinamwagiwa asali ya tende na kunyunyiziwa ufuta. Wote wape sahani. Muhammad bin Hasan al-Baghdadi aliandika kitabu chake cha mapishi mjini Baghdad mwaka 1226, na mle mna vidonge vya unga uliochachuka, vinavyokaangwa kwa mafuta ya ufuta na kuchovywa kwenye shira. Waturuki wanavyo, Wagiriki wanavyo, watu wa Ghuba wanavipika kila Ramadhani. Chakula kilichopita bandari zote hizo kimeshakula chumvi nyingi, na pwani yetu imekitia tui la nazi, jambo ambalo natamani watu wa Baghdad wangelionja.

Watu wakiondoka, mafuta yapoe kabisa, yachujwe kwa kitambaa, yawekwe kwenye chupa kama bado hayajawa meusi wala mazito. Yaliyoharibika yasimwagwe kwenye sinki. Na ndani ya beseni lazima kutabaki unga, ule wa pembeni unaotosha karai moja. Usiutupe. Walioosha vyombo hawajala kaimati hata moja ya moto tangu jioni, kwa sababu kila sinia lilipotoka wao mikono yao ilikuwa kwenye povu. Wakalishe kwenye viti vya wageni, washa jiko upya, uwachomee zao. Shira ikiwa imekwisha, zinyunyizie sukari ya kawaida na iliki. Mwenye shughuli mwenyewe ndiye awapelekee, na chai awamiminie yeye.